Kitanda cha kichanga jijini Dar: cha fundi, cha boksi, cha mtumba au cha kukunja?

Katika miezi mitatu ya mwanzo mtoto hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna anayemtazama. Mama naye amelala, au yuko jikoni, au anaoga. Ndiyo maana hapa tunalinganisha vitanda kwa kuanza na swali moja: mtoto akiwa peke yake humo, taa zimezimwa, kuna kitu kinachoweza kumziba pumzi, kumbana au kumnyonga? Rangi, nakshi na bei vinafuata baadaye.

Msimamo wetu tunausema mapema. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, kitanda cha mbao kilichotengenezwa na fundi wa Keko au Buguruni kinaweza kuwa bora kuliko cha boksi cha bei kubwa, mradi vipimo umempa wewe na umevikagua kabla ya kumalizia malipo. Ukimwachia fundi apime kwa macho, kitanda hichohicho kinaweza kuwa cha hatari kuliko vyote.

Vipimo viwili vya kutembea navyo

Cha kwanza ni sentimita 6. Nafasi kati ya fito na fito isizidi hapo. Mtoto akijisukuma usiku hutanguliza miguu, nyonga zake nyembamba zinapita, kiwiliwili kinafuata, kichwa kinakwama na mwili unabaki ukining'inia. Wengi hupima kwa kopo la soda, lakini kopo nene lina kipenyo cha karibu sentimita 6.6, kwa hiyo kutopita kwake hakutoshi kukuhakikishia. Beba futikamba.

Cha pili ni sentimita 3. Sukuma godoro mpaka liguse upande mmoja wa kitanda, kisha pima uwazi uliobaki upande wa pili. Ukizidi sentimita 3, yaani vidole viwili vya mtu mzima vikizama bila shida, uso wa mtoto unaweza kuingia katikati ya godoro na ubao akakosa hewa. Kichanga wa miezi miwili hana nguvu ya kujitoa hapo, wala hapigi kelele za kukuamsha.

Juu ya vipimo hivyo liko jambo la mlalo. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo sawasawa, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hofu ya kwamba mtoto aliyelala chali atapaliwa akicheua imeenea sana kwa bibi na shangazi zetu. Mtoto mwenye afya humeza au hutema, na akiwa chali koo la hewa liko juu ya koo la chakula, kwa hiyo maziwa hayashukii njia ya hewa kirahisi.

Kitanda cha fundi

Faida yake kubwa ni kwamba unapata saizi ya chumba chako na ya godoro lako. Kasoro yake ni kwamba fundi wengi huanza na kitanda, godoro likafuata. Geuza mpangilio huo. Nunua au katisha godoro kwanza: futi 2 kwa futi 4, yaani sentimita 61 kwa 122, unene wa inchi 4. Mpelekee fundi godoro lenyewe, halafu mwambie ndani ya fremu unataka sentimita 62 kwa 123. Hapo uwazi unabaki sentimita 1 tu.

Sasa hesabu ya fito za pembeni, maana hapa ndipo mbao hubaniwa. Fito zikiwa na upana wa sentimita 4, upande mrefu wa sentimita 123 unahitaji fito 13, na nafasi kati yao inakuwa sentimita 5 na kidogo. Upande mfupi wa sentimita 62 unahitaji fito 6, nafasi sentimita 5.4. Jumla ni fito 38 kwa kitanda kizima. Fundi anayetaka kuokoa mbao ataweka fito 9 upande mrefu, na kwa macho kitanda kitaonekana kizuri tu, lakini nafasi itakuwa sentimita 8.7. Mwandikie namba hizo kwenye karatasi na mkubaliane kabla hajapasua mbao, kwa sababu baada ya kugundisha hakuna fundi atakayekubali kubomoa.

Fito zisimame wima. Zikilazwa, mtoto wa miezi kumi anazigeuza ngazi. Kila fito iingie kwenye tundu lililochimbwa juu na chini ya fremu, pamoja na gundi ya mbao. Fito iliyopigiliwa msumari kwa nje ina udhaifu unaoonekana ukiisukuma kutoka ndani kwa kiganja: msumari unateleza kidogo kidogo, na mtoto anayesimama na kujitikisa kila asubuhi ataumaliza kuung'oa. Matendegu (miguu ya kitanda) yaungwe na mifumbati (mbao ndefu za pembeni) kwa boliti na nati zenye washa, ili kitanda kifunguliwe mkihama, na boliti zikazwe upya kila mwezi.

Kimo nacho kina sababu yake. Kutoka kwenye chaga, zile mbao zinazobeba godoro, hadi ukingo wa juu kuwe na angalau sentimita 65 chaga zikiwa chini. Mwombe fundi atoboe pia matundu ya kiwango cha juu, sentimita 40 chini ya ukingo, ya kutumia miezi ya mwanzo. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hawezi kuinama mpaka chini kila saa mbili. Siku mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti au kujaribu kukaa, mara nyingi kati ya mwezi wa nne na wa sita, chaga zishuke siku hiyohiyo. Usisubiri mwisho wa wiki.

Chaga zenyewe hupuuzwa. Fundi aliyezoea kitanda cha futi 5 kwa 6 atakuwekea chaga nne au tano, godoro lizame katikati na mtoto aviringike kwenye shimo. Chaga 11 zenye upana wa sentimita 7 zinatosha, na nafasi ya sentimita 4 hivi inayobaki inapitisha hewa chini ya godoro. Ubao mzima usio na matundu ni mbaya kwa unyevu wa Dar: ukija kuinua godoro wakati wa masika unakuta ukungu mweusi.

Kuhusu nakshi tunakuwa wakali kidogo. Mchago, yaani upande wa kichwani, wenye maua au nyota zilizokatwa kwa mashine unapendeza, lakini kila tundu linaloweza kuingiza kichwa, mkono au shingo ya nguo ni mtego. Vichwa vya matendegu vilivyochongwa kama kikombe vinanasa kola ya fulana au chandarua mtoto anapoegemea na kuteleza. Matendegu yaishe sawa na ukingo, na mchago uwe wa fito kama pande nyingine au ubao mzima. Upande wa kushuka na kupanda, ambao fundi wengine huuiga kutoka picha za mtandaoni, ukatae kabisa. Marekani ilipiga marufuku kuuza vitanda vya aina hiyo kuanzia Juni 2011, baada ya vifo vya watoto wasiopungua 32 tangu mwaka 2000: kishikizo kinalegea, upande unaachia kona moja, mtoto anabanwa kwenye uwazi.

Mbao gani? Mtiki na mninga vinadumu na havipindi, ila bei yake ni ya juu na mninga una uzito wa kuchosha mkihama. Paini inayotoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi inatosha vizuri kwa kitanda cha mtoto, mradi iwe imekauka. Mbao mbichi ina ubaridi ukiigusa, ni nzito kuliko inavyoonekana, na ikikaa miezi michache kwenye chumba chenye feni inasinyaa. Fito zilizokuwa zimebana zinaanza kuzunguka kwenye matundu yake. Na hapa pana onyo ambalo wauzaji wachache hulitoa: usikubali paini ya kupaulia iliyowekwa dawa ya mchwa, ile yenye rangi ya kijani kijani. Mojawapo ya dawa zinazotumika ina shaba, kromi na aseniki, na mtoto anayeota meno atatafuna ukingo wa kitanda kila siku.

Umaliziaji: msasa namba 120 kisha 220, kingo zote ziviringwe, pitisha soksi ya nailoni juu ya kila fito, ikinasa, bado. Vanishi au rangi iwe mpya, ya kopo lenye lebo inayosema haina madini ya risasi, na si ile ya mabaki ya kazi ya geti. Kisha kitanda kikae mahali penye hewa wiki mbili au tatu mpaka harufu iishe. Vanishi haikauki vizuri siku za mvua, kwa hiyo mama anayejifungua Aprili au Mei aagize kitanda mapema, mimba ikiwa ya miezi sita.

Cha boksi, kipya, kutoka nje

Hivi vinauzwa Kariakoo na kwenye maduka ya vitu vya watoto katika majengo makubwa ya biashara. Ubora wake unatofautiana mno. Cha heshima kitakuwa na maandishi ya EN 716, kiwango cha Ulaya, au ASTM F1169, kiwango cha Marekani, yakiwa yamechapwa kwenye fremu au kwenye kijitabu chake. Hapo vipimo vya fito na chaga vimeshafanyiwa kazi, na hiyo ndiyo thamani unayoilipia zaidi kuliko rangi nyeupe.

Kwa hali ya hewa ya Dar angalia kilichotumika. Vingi ni ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa na kufunikwa karatasi laini. Ukipata maji ya deki au mkojo kwenye kiungo, unavimba, skrubu inakosa pa kushika, na haikazi tena hata uizungushe vipi. Mbao halisi unaitambua ukitazama mwisho wa kipande: mistari ya mti inaendelea hadi kwenye ukato. Kwa nyumba ya karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, tazama pia skrubu. Za chuma cha kawaida huota kutu haraka.

Boksi lifunguliwe dukani. Hesabu skrubu na vipande kwa kufuata orodha ya kijitabu, kwa sababu skrubu moja ya aina ile ikikosekana huipati mtaani, na kuweka msumari badala yake kunaharibu kila kitu kilichopimwa kiwandani. Pima godoro linalotakiwa: vya Ulaya vingi ni sentimita 60 kwa 120 au 70 kwa 140, vya Marekani ni karibu 71 kwa 132. Godoro la futi 2 kwa 4 halitaingia kwenye cha 60 kwa 120 bila kujikunja, na kwenye cha 70 kwa 140 litaacha pengo la hatari. Muuzaji anayesema "utaweka nguo pembeni kuziba" anakuuzia mtego.

Kuna pia seti inayoambatana: mto mdogo wenye shimo la "kutengeneza kichwa", mfarishi mnene, na mito ya kuzungushia ndani ya fito. Mito hiyo ya kuzungushia ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani kwa sheria iliyosainiwa mwaka 2022, kwa sababu watoto walikandamiza uso humo wakakosa hewa, au wakaikanyaga kama kigoda na kutoka. Kama seti inauzwa kwa pamoja tu, chukua shuka, mengine usiyatumie. Kichwa kinakaa sawa kwa kumlaza kifudifudi akiwa macho na wewe uko naye, na kwa kumbadilishia upande wa kichwa kila usiku.

Cha mtumba

Mbao zake mara nyingi ni nzuri, na harufu ya rangi ilishaisha zamani. Lakini hapa unanunua historia usiyoijua. Tafuta lebo ya mwaka wa kutengenezwa. Cha kabla ya 2011 chenye upande wa kushuka kiache hapohapo. Kilichopakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na ya chini inabanduka, kiache pia, kwani rangi nyingi za zamani ziliwekwa risasi, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Kisha washa tochi ya simu. Kunguni hukaa kwenye matundu ya skrubu, kwenye pembe ambapo chaga zinagusa fremu, na kwenye mishono ya godoro. Utaona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu. Vumbi laini la unga chini ya vitundu vidogo ni dalili ya wadudu wanaokula mbao kwa ndani. Fremu ya mbao nzima ukiipenda, ifungue yote, imwagie maji ya moto kwenye viungo, ianike juani siku kadhaa, halafu ifungwe kwa boliti mpya. Godoro la mtumba usilichukue, hata likiwa la bure.

Cha kukunja cha nyavu

Kwa wapangaji wa chumba kimoja, na kwa wanaosafiri kila mwezi kwenda Morogoro au Tanga kwa wazee, hiki kina mantiki yake. Nyavu pande zote zinapitisha hewa, na mtoto haingizi mguu kwenye fito. Uzito wake mtu mmoja anabeba.

Hatari zake ni tatu na zote zinatokana na matumizi. Ya kwanza ni kufungua vibaya. Vingi vya aina hii hufunguliwa kwa kuvuta kingo nne za juu zikazike na kusikika "ta" kila mmoja, kitovu cha chini kikiwa bado kimeinuliwa, ndipo unakisukuma chini. Ukianza na kitovu, kingo hazijifungi sawasawa, na upande unaweza kukunjika umbo la V mtoto akiwa ndani. Kandamiza kila ukingo kwa mkono kabla ya kumlaza.

Ya pili ni godoro la nyongeza. Kigodoro chake ni chembamba na kigumu, na mzazi wa kwetu akikigusa anamhurumia mtoto, anaongeza sponji juu. Nyavu zinanyumbulika; mtoto akisukuma, sponji inaacha mfuko kati yake na nyavu, anaingia uso kwanza. Kigodoro kigumu hakimuumizi kichanga. Kiache kilivyo.

Ya tatu ni ghorofa ya juu, ile sehemu ya kichanga inayoning'inizwa kwa klipu. Ina kikomo cha uzito kilichoandikwa, mara nyingi karibu kilo 7, na inaondolewa mapema zaidi kama mtoto ameanza kujigeuza. Sehemu ya kubadilishia nepi inayowekwa juu itolewe kabla ya kumlaza chini, kwa sababu akiinuka shingo inaweza kukwama.

Kasoro yake ya kudumu: nyavu zikichanika, hata tundu la kidole, kitanda kimekwisha kazi. Kushona hakutoshi.

Kikapu na kibembea

Vinafaa miezi minne ya kwanza, basi. Uzuri wake ni kwamba vinakaa sentimita chache kutoka kwa mama anayenyonyesha usiku. Ukomo ni siku mtoto anapojigeuza au kujisukuma kwa mikono, na kwa vingi uzito wa kilo 9. Kitako kiwe kipana kuliko mdomo, kisiwekwe juu ya meza au kochi, na kibembea kiwe na pini ya kukizuia kisiyumbe mtoto akisinzia. Sehemu ya kulala iwe tambarare. Vile vya mlalo wa mteremko, pamoja na kiti cha gari na kigari cha kusukuma, si vya kulalia usiku: kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inajibana kimya kimya. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, ruka kikapu, nunua kitanda.

Kulala na mama

Familia nyingi za Dar hufanya hivi. Ushauri wa madaktari wa watoto ni mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi sita ya kwanza, lakini kwenye sehemu yake mwenyewe. Godoro la watu wazima ni laini, mito ni mingi, na baba aliyechoka hajui alipogeukia. Hatari inapanda sana kama mmoja amekunywa pombe, anavuta sigara, ametumia dawa za usingizi, au mtoto alizaliwa njiti au na uzito mdogo. Kochi ndilo baya kuliko yote. Mama anayehisi usingizi unamchukua akinyonyesha ni heri awe kitandani kuliko kochini. Usiku ambao mnalazimika kulala pamoja, mtoto asiwe kati ya wazazi wawili, mito yote iende mbali, na asilazwe upande wa ukuta wenye pengo.

Godoro, shuka na chandarua

Godoro la kichanga liwe la sponji nzito, ile wauzaji wanayoiita hai densiti. Kandamiza katikati kwa kiganja kisha uachie: likirudi papo hapo ni sawa, likibaki na alama ya mkono ni laini mno. Rudia kwenye kingo, maana huko ndiko la bei rahisi huanza kubonyea. Nailoni ya kiwandani itolewe yote. Juu yake weka kifuniko kisichopitisha maji kinachobana, kisha shuka lenye lastiki. Khanga iliyotandazwa tu huchomoka na kumfunika uso, kwa hiyo shonesha: mita 1 na robo tatu ya kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 110 inatosha godoro la futi 2 kwa 4, na inabaki ya kukunjia chini sentimita 14 hivi kila upande. Mbili za kubadilisha hazitoshi. Tengeneza tatu au nne, kwani siku za mvua hazikauki.

Chandarua chenye dawa ni lazima mjini kwetu, na mama mjamzito hupewa kliniki. Kipya kitundikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumika. Kwenye kitanda cha mtoto kipite nje ya fremu, kishuke mpaka chini au kikunjwe chini ya mfumbati, kikiwa kimekazwa pembe nne. Kikining'inia ndani atakivuta na kujizungushia. Vile vidogo vya mwavuli vinavyofunguka vyenyewe vinauzwa sana Kariakoo, lakini vingi havina dawa, na mtoto akigusa wavu kwa mkono mbu anamuuma kupitia tundu. Vinafaa usingizi wa mchana sebuleni, mtu akiwepo.

Joto la Desemba hadi Machi linawatesa vichanga kuliko baridi itakavyowahi kuwatesa hapa. Fulana nyepesi na nepi inatosha usiku mwingi. Soksi na kofia ndani ya nyumba vinamzidishia joto, na kuzidi joto kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Gusa kifua au kisogo, usiguse mikono: kukiwa na jasho, punguza nguo. Feni izunguke chumbani bila kumpuliza moja kwa moja, waya wake uwe mbali na fito. Kitanda kikae mbali na kamba za pazia, waya za chaja na kabati lisilofungwa ukutani. Kama familia imemfunga mtoto uzi au hirizi, zungumzeni kwa heshima ivuliwe shingoni wakati wa kulala. Uzi wa shingoni unaweza kunasa kwenye skrubu na kumnyonga.

Nani achague kipi

Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda cha futi 5 kwa 6 kinabakiza ukanda wa futi 5. Kitanda cha fundi cha futi 2 kwa 4 kinaingia hapo na njia ya kupita inabaki. Ndicho tunachopendekeza kwa waliotulia mahali pamoja, Mbagala, Tabata au Sinza. Anayehama kila mwaka, au mwenye chumba kisichobaki hata na nafasi hiyo, achukue cha kukunja, akifunge mchana. Wenye uwezo wa cha boksi wachukue kile tu chenye maandishi ya kiwango na fremu ya mbao nzima, la sivyo pesa hiyo inamtosha fundi na godoro jema, na bado inabaki. Cha mtumba ni cha mtu mwenye muda wa kufungua kila kiungo. Mwenye muda mchache aende kwa fundi.

Mtoto akifika kimo cha sentimita 89, au akiweza kupandisha mguu juu ya ukingo, kitanda hicho kimemtoka. Mtoe siku hiyo, mwekee godoro lake chini sakafuni chini ya chandarua, na kitanda ukifungue boliti ukiweke mahali pakavu. Boliti na nati zote zitie kwenye chupa moja, uifunge kwa mpira kwenye mchago, ili mdogo wake akija zisikosekane.